Daftari la Wanajisi katika Wilaya ya Stearns

Leo twende mbali kidogo, mpaka jimbo la Minnesota, kaskazini ya Marekani, kwenye mpaka wa Kanada. Huko kuna wilaya moja jina lake Stearns. Wamarekani huiita kaunti, maana nchi yao imegawanywa kwa majimbo, na kila jimbo kwa kaunti, kama vile sisi tunavyo teritware zetu. Stearns ni nchi ya wakulima. Ukipita huko utaona ng'ombe wa maziwa, mashamba ya mahindi, maghala marefu kama minara, na nyumba moja hapa, nyingine kule mbali. Wazungu waliokuja kukaa huko katika karne ya 19 walikuwa zaidi Wajerumani Wakatoliki, na hata leo vijiji vingi vina kanisa lake kila kimoja. Wamonaki wa Mtakatifu Benedikto walifika mwaka 1856, na masista wa kanuni ileile wana monasteri yao katika mji mdogo wa St. Joseph.

Nimeanza na hayo kusudi mwone mahali penyewe. Si mji mkubwa wenye watu wasiojuana. Ni mahali ambapo mtu anajua motokari ya nani imepita barabarani.

Basi, jioni ya Jumapili, tarehe 22 Oktoba 1989, watoto watatu wa St. Joseph walikwenda dukani kuazima filamu. Mmoja wao alikuwa Jacob Wetterling, mwenye miaka 11. Wa pili alikuwa mdogo wake mwenye miaka 10, na wa tatu rafiki yao. Walipokuwa wakirudi gizani, mtu mmoja aliyefunika uso aliwatokea akiwa na bastola mkononi. Akawaamuru walale chini katika mtaro wa kando ya njia. Akawauliza umri, mmoja mmoja. Kiisha akawaambia wale wawili wakimbilie msituni bila kutazama nyuma. Walipothubutu kugeuka, mtu yule na Jacob hawakuwako tena.

Watu walitafuta usiku na mchana. Polisi wa wilaya, polisi wa jimbo, polisi wa nchi nzima, askari wa jeshi, farasi, mbwa, helikopta. Jacob hakuonekana. Katika siku zile za uchungu mama yake, Patty Wetterling, alitaka kujua neno moja ambalo kila mzazi angetaka kulijua: je, katika sehemu hizi wanakaa watu gani waliokwisha kuhukumiwa kwa kunajisi watoto? Hakuna aliyeweza kumpa jibu kamili. Kila tribinali ilikuwa na karatasi zake, kila gereza na karatasi zake, lakini daftari moja la jimbo zima halikuwako.

Fikira ya daftari haikuwa mpya. Mwaka 1933 kaunti ya Los Angeles, katika jimbo la California, iliamuru watu waliohukumiwa kwa makosa makubwa wajiandikishe. Mwaka 1947 jimbo lote la California likafanya daftari la wale waliohukumiwa kwa makosa ya mwili. Ndilo jimbo la kwanza kufanya hivyo. Lakini daftari lile lilikuwa la polisi peke yao, raia hawakulifungua. Tena liliwakusanya watu wa kila namna katika kapu moja: mnajisi wa watoto aliandikwa humo, na mtu aliyekamatwa kwa tendo la aibu tu mahali pa watu wengi aliandikwa humohumo. Mwaka 1957 Mahakama Kuu ya nchi ilisikiliza shauri la mwanamke mmoja wa Los Angeles aliyekuwa amehukumiwa zamani kwa kosa kubwa la namna nyingine, asijiandikishe mjini. Majaji 5 juu ya 4 walikata kwamba haifai kumwadhibu mtu kwa kutojiandikisha, kama hakujua wala hakuwa na njia ya kujua kwamba amri ile iko. Kumbukeni hukumu ile, kwa maana ni moja katika mara chache ambapo daftari la namna hii lilishindwa mbele ya majaji wakubwa.

Turudi Minnesota. Patty Wetterling hakukaa kimya. Mwaka 1991 jimbo lake likatunga sheria ya kuandikisha wanajisi. Mwaka 1994 Bunge la Marekani likapitisha sheria inayoitwa kwa jina la mtoto wake, na Rais Clinton akaitia sahihi mwezi wa Septemba: kila jimbo lifanye daftari, na jimbo litakaloacha lipunguziwe fedha fulani za serikali kuu kwa sehemu moja ya kumi. Hata hapo daftari lilikuwa kwanza chombo cha polisi. Jimbo la Washington lilikuwa limekwisha kufungua mlango mwaka 1990, kwa kuruhusu polisi kuwatangazia raia, baada ya mtoto wa miaka 7 kutendewa ukatili mkubwa huko Tacoma. Lakini kilichoufungua mlango ule kwa nchi nzima ni kifo cha Megan Kanka.

Megan naye alikuwa na miaka 7. Aliuawa mwezi wa Julai 1994 huko Hamilton, jimbo la New Jersey, na jirani aliyekaa ng'ambo ya barabara. Jirani yule alikuwa amehukumiwa mara mbili kwa kosa la kunajisi watoto, tena alikaa nyumba moja na wengine wawili waliohukumiwa vilevile. Wazazi wa Megan walisema kwamba kama wangalijua, mtoto wao angalikuwa hai. Nani angewajibu? Baada ya miezi mitatu tu New Jersey ilikuwa na sheria, na tarehe 17 Mei 1996 sheria ya nchi nzima ikaamuru habari za wanajisi wa hatari zitolewe kwa raia. Tangu hapo daftari lilihama kutoka kabati la polisi. Kiisha ikaja intaneti, nayo ikalipeleka kila nyumba.

Sasa tuangalie kazi yenyewe inavyokwenda katika Stearns. Tumtwae mtu mmoja wa mfano, tusimpe jina. Amehukumiwa, amekaa kifungoni miaka mingi, karibu atoke. Kabla ya kutoka, kamati inakutana kwa ajili yake: mkubwa wa gereza au mjumbe wake, mtu wa polisi, mtu mwenye ujuzi wa kuwatibu watu wa namna hiyo, mtumishi anayesimamia wafungwa, na mtu mwenye kazi ya kuwasaidia walioumizwa. Wanasoma karatasi zake zote. Aliwaumiza watu wangapi? Aliwajua au walikuwa wageni kwake? Alitumia nguvu? Alikubali kutibiwa, au alikataa? Atakaa wapi, na nani atamwangalia? Halafu wanampa daraja.

Daraja la 1 ni la hatari ndogo. Polisi wanajua, na walioumizwa wanaweza kuambiwa, basi. Daraja la 2, polisi wanaweza kuonya shule na mahali pengine wanapokusanyika watu wanaofanana na wale aliowaumiza. Daraja la 3 ni la hatari kubwa, na hapo watu wote wanatangaziwa. Mtu asiyeridhika na daraja la 2 au la 3 anaweza kupeleka shauri lake kwa jaji.

Mtu wa daraja la 3 akija kukaa kijijini, polisi wanaita baraza. Wanaeleza sheria, wanaonyesha foto yake, umri wake, kosa lake, na sehemu atakayokaa. Wanasema vilevile kwamba mtu huyu amekwisha kutimiza kifungo chake, na raia akimtisha au kumpiga atashtakiwa yeye raia. Nawaza baraza la namna hiyo katika kijiji chenye kanisa moja na duka moja! Mjini mtu husikia jina asilolijua. Kijijini wanamjua baba yake, walisoma na dada yake, na pengine dada yule amekaa palepale ukumbini, kwenye kiti cha nyuma.

Habari za daraja la 3 huwekwa pia katika intaneti na idara ya magereza ya jimbo. Madaraja mengine hayawekwi humo kwa kawaida. Kwa hiyo mtu wa Stearns akifungua ukurasa ule asione jina la kijiji chake, asidhani kwamba hakuna aliyeandikwa kijijini. Daftari kubwa, lenye majina yote, linakaa katika ofisi ya upelelezi ya jimbo huko St. Paul, na polisi ndio wanaolisoma.

Mtu aliyeandikwa ana kazi zake. Atasema nyumba anayokaa, na nyumba ya pili kama anayo, mahali anapofanya kazi au kusoma, motokari anazoendesha, namba za telefone. Akitaka kuhama, atatoa habari siku 5 mbele ya kuhama. Kila mwaka atapokea karatasi ya kuhakikisha habari zake, nayo airudishe kwa siku 10. Asiye na nyumba atajionyesha kwa polisi kila juma. Mambo haya yatadumu miaka 10 kwa uchache, na kwa wengine maisha yote. Akivunja amri kwa kusudi, hilo peke yake ni kosa kubwa: kifungo cha mwaka mmoja na siku moja kwa uchache, na chaweza kufika miaka 5. Wazee wetu wanaokumbuka wakati wa Wabelgiji, mtu alipotakiwa kuomba karatasi ya ruhusa kabla ya kuhama teritware, wataelewa upesi namna ya kuishi hivyo, ingawa wao hawakuwa na kosa.

Anayesimamia kazi hii huko mashambani ni sherifu. Sherifu ni mkubwa wa polisi wa kaunti, naye huchaguliwa na raia kwa kura kila miaka 4. Mjini polisi wanaweza kumtembelea mtu kwa dakika chache. Mashambani msaidizi wa sherifu hupanda motokari, huenda kilomita nyingi kwa barabara ya changarawe, hubisha hodi, na kama hapana mtu atarudi siku nyingine. Wakati wa baridi theluji hufunga njia. Karatasi inaweza kusema kwamba mtu anakaa pale, lakini anayejua kweli ni yule aliyemwona mlangoni kwa macho.

Majimbo mengine hayafanyi kama Minnesota. Sheria kubwa ya mwaka 2006, iliyotiwa sahihi na Rais Bush tarehe 27 Julai, inaitwa kwa jina la Adam Walsh, mtoto wa miaka 6 aliyetekwa katika duka kubwa huko Florida siku ileile ya mwaka 1981. Sheria hii haiulizi sana kama mtu bado ni wa hatari. Inauliza alihukumiwa kwa kosa gani. Makosa yana vyeo vitatu: mwenye cheo cha kwanza anaandikwa miaka 15 na kujionyesha mara moja kwa mwaka, cha pili miaka 25, kila miezi sita, cha tatu maisha yote, kila miezi mitatu. Akibadili nyumba au kazi, anayo siku 3 za kazi kutoa habari. Majimbo mengi, na Minnesota pamoja nayo, hayakuifuata sheria hii yote. Katika kaunti nyingi za mashamba za majimbo mengine, daftari la sherifu linafunguliwa na ye yote: foto, jina, kosa, nyumba, na ramani yenye alama.

Hapo hatari ya namna nyingine ikaonekana. Jimbo la Maine, mwezi wa Aprili 2006, siku ya Pasaka yenyewe, kijana mmoja aliyetoka Kanada alisoma daftari la intaneti, akaenda katika vijiji viwili, akawaua watu wawili waliomo daftarini. Hakuwajua. Mmoja wao alikuwa na miaka 24, na kosa lake lilikuwa kulala na rafiki yake wa kike asiyefika bado miaka 16. Daftari halikueleza hayo kwa namna ambayo muuaji angeyafikiri. Kwake yeye, jina lilikuwa jina.

Tena majimbo mengi yaliongeza amri za makao. Iowa ilikataza mtu aliyemnajisi mtoto asikae karibu na shule kwa futi 2,000, yaani kama mita 600. Ukichora duara la namna hiyo kuzunguka kila shule na kila mahali pa kulelea watoto, mji mdogo unakwisha wote. Watu wale wakasukumwa mashambani, kwenye hoteli za njiani, wengine ndani ya motokari zao, wengine wakapotea machoni pa polisi. Mwaka 2006 waendesha mashtaka wa kaunti za Iowa, watu wasioweza kudhaniwa kuwa marafiki wa wanajisi, walitoa tangazo kwamba amri ile haiwalindi watoto, ibadilishwe. Ilibadilishwa mwaka 2009.

Juu ya swali kama daftari ni adhabu ya pili, Mahakama Kuu ilijibu mwaka 2003, katika shauri lililotoka Alaska: majaji 6 juu ya 3 walisema si adhabu, ni njia ya kuwapa raia habari, kwa hiyo laweza kuwashika hata waliokosa kabla ya sheria kutungwa. Mwaka 2016 tribinali moja kubwa iliyo chini yake ilitazama sheria ya Michigan, jinsi ilivyokuwa imeongezewa amri juu ya amri, ikasema hii sasa ni adhabu. Mimi si mwanasheria. Lakini mtu anayejionyesha kwa polisi kila miezi mitatu mpaka kufa, akiambiwa kwamba haadhibiwi, nafikiri atacheka.

Kuna neno moja ambalo hesabu zenyewe zinalisema, nalo ni zito kwetu wazazi na makatekista. Mwaka 2000 wizara ya sheria ya Marekani ilitoa uchunguzi wa habari za polisi kutoka majimbo 12. Katika watoto na vijana walionajisiwa, 7 tu katika 100 waliumizwa na mtu wasiyemjua. Wengine wote waliumizwa na mtu wa jamaa au mtu waliyemzoea: baba wa kambo, mjomba, jirani, mwalimu. Na mtu wa nyumbani mara nyingi hashtakiwi, asiyeshtakiwa hahukumiwi, asiyehukumiwa haandikwi.

Wala tusiwatazame wengine peke yao. Kilomita chache kutoka St. Joseph iko abasia ya Mtakatifu Yohane ya Wabenedikto. Mwezi wa Desemba 2013 abasia hiyo ilitangaza majina ya wamonaki 18 walioshtakiwa kwa madai ya kuaminika kwamba waliwanajisi watu. Na uchunguzi wa mwaka 2004, ulioombwa na maaskofu wa Marekani wenyewe, ulihesabu mapadri na mashemasi 4,392 walioshtakiwa hivyo kati ya mwaka 1950 na 2002. Waliofika tribinalini wakahukumiwa walikuwa wachache. Basi mama wa Stearns akilisoma daftari la wilaya yake kwa bidii gani, wengi wa hao asingewaona humo. Walikuwa katika karatasi nyingine, zilizofungwa kwa ufunguo na wakubwa wao.

Patty Wetterling mwenyewe aliyaona haya yote. Hakuikana sheria yenye jina la mtoto wake, lakini katika miaka ya 2000 alianza kusema mbele ya watu kwamba nchi imezidisha: imewaandika hata watoto waliokosea na watoto wenzao, na inamzuia mtu aliyegeuka asipate nyumba wala kazi. Inahitaji moyo, mama wa mtoto aliyepotea kusema hivyo, hali akijua kwamba wengi watamkasirikia.

Mkono wa daftari unafika hata kwetu. Sheria ya Februari 2016, yenye jina la Megan, inataka mtu aliyeandikwa kwa kosa juu ya mtoto atoe habari kabla ya kusafiri nchi za nje, siku 21 mbele, na serikali yao yaweza kuionya nchi anakokwenda. Ndani ya pasiporti yake yanapigwa maneno yanayosema kosa lake. Mtumishi wa mpaka wa Goma au wa Kasumbalesa akiyaona maneno hayo, ajue yametoka wapi.

Na Jacob? Alipatikana mwezi wa Septemba 2016, karibu miaka 27 baada ya jioni ile. Mtu aliyekuwa amekamatwa mwaka 2015 kwa kuweka picha chafu za watoto aliwaongoza polisi mpaka malishoni karibu na Paynesville, katika wilaya ileile ya Stearns, akaeleza mbele ya jaji jinsi alivyomwua usiku uleule. Kwa mapatano alihukumiwa miaka 20 kwa kosa la picha, kwa maana bila mapatano hayo asingesema neno, na kaburi lisingejulikana. Mwezi wa Januari 1989, miezi tisa kabla ya Jacob, alikuwa amemteka mtoto mwingine huko Cold Spring, akamnajisi, akamwachilia. Kosa lile lilithibitika kwa alama za mwili zinazoitwa DNA, lakini muda wa kushtaki ulikuwa umepita.

Mwezi wa Septemba 2018 sherifu mpya wa Stearns aliyatoa hadharani maelfu na maelfu ya kurasa za uchunguzi. Alisimama mbele ya waandishi wa magazeti akataja makosa ya ofisi yake mwenyewe, moja baada ya jingine: watoto wa Paynesville walioshambuliwa katika miaka iliyotangulia, ambao habari zao hazikuunganishwa upesi na ile ya Jacob, na jirani asiye na kosa aliyeshukiwa miaka mingi mpaka sifa yake ikaharibika. Mtu aliyemwua Jacob alikuwa amekwisha kuulizwa na polisi tangu majira yale ya baridi ya mwaka 1989 na 1990. Walilinganisha viatu vyake na magurudumu ya motokari yake na alama zilizoonekana pale njiani. Kiisha wakamwacha aende nyumbani, akakaa huko miaka 25, na kwa muda huo wote jina lake halikuandikwa katika daftari lo lote.